Kadi ya Mwezi ya Shemeji Herman

Machimbo ya Mwabulugu, Geita
8 Februari 1998

Dada yangu Juliana,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, shemeji Herman na mtoto wetu Sikujua. Kama hapo Kambarage hamjambo, mimi huku ni mzima, mhola duhu, isipokuwa miguu inaniwasha kwa kukanyaga matope. Mvua ya mwaka huu haijui kupumzika.

Kazi yenyewe siyo ya kutengeneza redio kama ulivyodhani. Tajiri wangu Mzee Mihir ameniacha huku na mashine tatu za michezo, kila moja kubwa kama kabati la nguo. Moja ni ya magari, moja ya watu wanaopigana, na ya tatu ina chombo kinachopaa na kufyatua risasi. Ukumbi ni mabati na maturubai, umeme ni wa jenereta. Mtu ananunua kwangu kikoini cha bati, anakitumbukiza, anacheza mpaka afe. Nikisema afe namaanisha ndani ya kioo.

Akishakufa, mashine inamuuliza kama anataka kuendelea, na papo hapo inaanza kuhesabu kurudi nyuma: kumi, tisa, nane. Ndipo ungewaona wachimbaji wanavyokimbilia dirisha langu. Watu hawa wanashinda ardhini mchana kutwa bila kulalamika, lakini zile namba zinawatoa jasho. Jana mmoja alinitupia hela bila kungoja chenji.

Silali hotelini, nalala humu humu nyuma ya mashine. Tumekubaliana na Mzee Mihir nikae mwaka mmoja, na kwa kuwa ufunguo ni mmoja na ninao mimi, siwezi kwenda hata kanisani. Siyo kwamba nalalamika. Nakueleza tu jinsi nilivyo.

Nisalimie mama yetu Scolastika ukienda kijijini.

Ni mimi mdogo wako,
Stanslaus


Kambarage, Shinyanga
1 Machi 1998

Mdogo wangu Stanslaus,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Gregory, yule dereva wa lori anayebeba dizeli kuja huko. Sote tunaamka salama. Sikujua amefurahi kusikia kuna mashine inayopigana, nikamwambia aishie hapo hapo kwenye furaha.

Ajabu ni kwamba na huku mambo ni hayo hayo. Pale halmashauri ninapopiga chapa wameunda kamati ya kukusanya maoni kuhusu michezo ya mashine, maana zimefika mbili pale karibu na stendi. Kila siku naletewa makaratasi. Mzazi mmoja anasema zichomwe moto. Mwenye duka mmoja anasema mtu mzima na fedha yake asiingiliwe, mbona baa hazifungwi. Mwalimu anataka ziwe na leseni na zisifunguliwe kabla ya shule kutoka. Katibu wa kamati, Bwana Pantaleo, ananiuliza, "Mama Sikujua, wewe ungesemaje?" Mimi sijawahi hata kuigusa. Wewe uliye nazo ungesemaje?

Sasa jambo kubwa. Kiwanda cha pamba kimewasimamisha watu wote wa zamu ya shemeji yako. Wamewaambia wasubiri, lakini mashine za kuchambulia zimeshaanza kufungwa kwenye makreti, mtu anasubiri nini? Herman amekaa nyumbani wiki tatu akitengeneza kila kitu kilichoharibika na vingine visivyoharibika. Juzi aliniambia, "Mama Sikujua, nakwenda Geita kwa Stanslaus. Nikipata kitu narudi." Sikumzuia. Ungemwona alivyokuwa anatembea uani, usingemzuia.

Mpokee. Mpe pa kulala. Nimemkabidhi kwako.

Dada yako,
Juliana


Mwabulugu
5 Aprili 1998

Dada Juliana,

Shikamoo dada. Habari za tangu siku hizo? Huku wote tupo.

Shemeji amefika salama, ameloa na anacheka. Amelala hapa ukumbini siku mbili, halafu akapata nafasi kwenye duara la kikundi cha Bartholomeo. Duara ni shimo lenyewe la kuchimbia. Wanateremka kwa kamba, na ndani wanaegemeza magogo ili udongo usiwaangukie. Wao wanayaita matimba. Bartholomeo ni mtu mpole kutoka Usumbwa, anamwita shemeji "fundi" kwa sababu ya kiwanda. Jioni wanapita hapa dirishani, wote wawili wekundu kwa udongo, unaona macho tu.

Umeniuliza maoni yangu. Nimekuwa nikilifikiria. Kosa haliko kwenye mchezo, dada, liko kwenye kikoini. Mtu akinunua tikiti ya sinema anajua amelipia nini na itaisha lini. Hapa mtu halipii kucheza, analipia asishindwe. Kila akifa anaona alikuwa karibu kabisa, bado kidogo tu, na mashine inamharakisha asipate hata muda wa kujiuliza. Ningekuwa kwenye kamati yenu ningesema: watoze kwa saa. Saa ikilia, toka ukale. Waambie hivyo, lakini usiseme ni mimi, Mzee Mihir anajuana na watu hapo.

Mvua bado. Nguo hazikauki.

Mdogo wako,
Stanslaus


Kambarage
14 Juni 1998

Stanslaus,

Habari za siku nyingi. Sisi ni wazima.

Tangu barua yako ya Aprili sijapata neno, si lako wala la Herman. Mwezi wa tano nilikuandikia mara mbili. Nilidhani ni barabara, kwa kuwa mvua zilivunja madaraja. Lakini jana Gregory amekuja kuniletea mkaa. Nikamuuliza kama amemwona baba Sikujua. Akaangalia pembeni. Akasema, "Nimemwona dada, hajambo." Nikamwambia, Gregory, mimi na wewe tumesoma darasa moja, usinifiche. Ndipo akasema amemwona mara nne, na mara zote nne alikuwa amekaa mbele ya ile mashine ya kupaa, saa za kazi, na wewe uko dirishani kwako.

Sina cha kuongeza. Nilimkabidhi kwako. Niambie kweli, hata kama ni mbaya. Ninachoshindwa kukivumilia ni huku kutojua.

Dada yako,
Juliana


Mwabulugu
28 Juni 1998

Dada yangu,

Shikamoo. Barua zako zote tatu ninazo hapa. Nilikuwa naanza kujibu halafu naacha.

Aliyosema Gregory ni kweli. Imeanza baada ya Pasaka. Jumanne ya wiki ile magogo ya duara lao yaliachia na Bartholomeo akafa. Shemeji alitoka bila hata mchubuko. Tulimzika rafiki yake Alhamisi, na Ijumaa shemeji akaja kukaa kwenye mashine. Nikasema moyoni, acha ajisahaulishe kidogo. Kidogo hicho hakijaisha.

Nilimnyima vikoini, akawa anawatuma wengine. Asubuhi anabeba mifuko ya mawe ya watu mpaka kwenye mashine ya kusaga, akipata hela tu anakuja. Nikamfungia mlango, akakaa nje kwenye matope akiangalia ukuta wa bati mpaka nikaona haya, nikafungua. Nikimsemesha juu ya nyumbani anasema, "Mwezi huu nitakwenda." Dada, mimi nina ufunguo wa mahali hapa na sijui namna ya kumtoa mtu mmoja.

Lakini nimepata njia. Binti wa Mzee Mihir, Jinal, anasomea kompyuta Dar, alikuja na baba yake kuangalia mahesabu. Anasema huko nje siku hizi watu wanacheza kwa kompyuta zilizounganishwa na simu, kitu kinaitwa intaneti. Mmoja yuko nchi hii, mwingine kule, na wote wako kwenye mchezo mmoja. Hawalipi kwa kufa. Wanalipa mara moja kwa mwezi, basi, wacheze wanavyotaka. Nikamwambia Mzee Mihir, tujaribu hivyo. Amekubali mashine moja, ile ya kupaa. Nimekata kadi za karatasi ngumu, naweka muhuri wa duka. Shemeji amenunua ya kwanza.

Naona itamsaidia. Atalipa mara moja, hatasukumwa na zile namba, kisha atachoka mwenyewe kama mtu anavyochoka chakula kimoja.

Nisamehe kwa kunyamaza.

Stanslaus


Kambarage
9 Agosti 1998

Mdogo wangu,

Marahaba. Asante kwa kunieleza. Nililia, kisha nikaenda kazini. Sikujua anaumwa surua lakini inaisha.

Habari za kadi na za intaneti nilimwambia Bwana Pantaleo kama mfano tu, bila majina. Akazipeleka kwenye kamati na wakabishana mchana kutwa kuhusu intaneti, kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekiona. Mmoja anasema serikali ipige marufuku nyaya hizo kabla hazijafika Shinyanga. Mwingine akamuuliza, utaizuia simu? Wa tatu akasema kulipa kwa mwezi ni nafuu kwa maskini. Mimi napiga chapa tu, lakini hilo la mwisho lilinikaa kooni. Mtu aliyelipia mwezi mzima, siku asiyokwenda si ataiona hasara? Kikoini kikiisha mfukoni mtu anafukuzwa na umaskini wake. Mwenye kadi nani atamfukuza?

Ninaogopa, Stanslaus. Niambie kama nimekosea.

Lakini kuna heri. Mtu wa ofisini ametoka Geita, anasema wilaya imetoa amri kumbi zote za mashine machimboni zifungwe kuanzia mwezi wa tisa. Nimefurahi mpaka nimeona aibu, maana ni kazi yako inayofungwa. Mlango ukifungwa atakuwa na njia moja tu, ya kurudi nyumbani. Nimefua mashuka.

Dada yako,
Juliana


Zahanati ya Mwabulugu
13 Septemba 1998

Dada Juliana,

Shikamoo. Kwanza kabisa, shemeji Herman ni mzima. Soma mstari huo tena kabla hujaendelea. Amevunjika mfupa wa bega na ana michubuko, lakini anakula na anaongea, na ndiye anayenishikia taa ya chemli isianguke ninapoandika, kwa mkono wake wa kushoto.

Hukukosea juu ya kadi. Agosti nzima shemeji hakubeba hata mfuko mmoja wa mawe. Alikuwa anafika kabla sijawasha jenereta na kutoka nikizima. Nikimwambia pumzika, anasema, "Nimeshalipia, shemeji." Zamani alipokosa kikoini alikuwa angalau anatoka kutafuta. Mimi ndiye niliyemwondolea hata huko kutoka, kwa akili yangu nzuri.

Amri ikaja. Jumatatu mtendaji wa kijiji alibandika karatasi mlangoni, nikafunga. Watu wakatawanyika wakinung'unika. Shemeji alisimama kidogo, akaniambia, "Sasa nikakae wapi?" Nilidhani anatania. Nikamjibu, nenda nyumbani, dada anakungoja. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia, akaondoka.

Machimboni mtu haketi hivi hivi, dada. Ukikaa chini ya kivuli kila apitaye anakuuliza, "Wewe ni wa duara gani?" Alivumilia kuulizwa siku moja. Jumatano aliingia kwenye kikundi cha Magesa, akafungwa kamba, akateremka. Saa tano asubuhi udongo wa mdomoni mwa shimo ukaporomoka juu yao. Walikuwa wanne. Tulichimba kwa sululu, kwa masufuria, kwa mikono. Mimi nilikuwa nachimba na huku nasikia ndani yangu ile hesabu ya mashine, inakwenda nyuma, na hakuna pa kuweka kikoini. Alasiri tulisikia sauti ya Magesa. Wote wanne wametoka hai.

Nilipokuwa namwosha uso hapa zahanati nikamuuliza, shemeji, hukujua kwamba mimi nakutafutia njia ya kutoka kwenye ule mchezo? Akasema, "Mchezo gani? Mimi hata sijui ile ndege inakwenda wapi."

Ndipo akanieleza. Siku ile ya Bartholomeo, yeye ndiye aliyekuwa nyuma yake. Magogo yalipoachia alimshika mguu, akavuta, kiatu kikabaki mkononi. Tangu siku hiyo hakuteremka tena. Kila akishika kamba mikono ilikuwa inakataa. Akasema, "Duarani siwezi. Nyumbani ningerudi na nini? Niliaga nikisema nikipata kitu narudi. Pale kwenye mashine mtu akikaa haulizwi. Wote wanaangalia kioo."

Dada, miezi mitano nilikaa dirishani nikipima koini na saa na mwezi. Nilimuuliza mambo mengi, lakini hilo sikumuuliza.

Gregory anapita Ijumaa. Atampandisha mbele, siyo nyuma kwenye mapipa. Ataletwa mpaka mlangoni.

Stanslaus


Isaka
22 Novemba 1998

Dada,

Shikamoo. Nimesikia kwa Gregory kwamba shemeji amefika na bega linaunga. Namshukuru Mungu.

Mimi sasa niko Isaka. Mzee Mihir amezileta mashine hapa karibu na stesheni, kwa ajili ya madereva wanaosubiri mizigo kupakiwa kwenda Rwanda na Burundi. Amri ya Geita haifiki huku. Tumerudi kwenye koini. Kiti ni kile kile, dirisha ni lile lile, nalala nyuma ya mashine.

Unaniuliza kupitia Gregory kwa nini siji, na Isaka si mbali. Mwaka wangu haujaisha. Hilo ni moja. La pili, nimekuja huku nikasema nitarudi na mtaji wa kufungua kibanda changu cha redio, na mpaka sasa sina mtaji. La tatu ni uso wa shemeji. Nitaingiaje ndani, nikae mezani naye, wakati mimi ndiye niliyemkatia kadi? Acha kwanza nipate kitu, halafu nitakuja.

Msalimie Sikujua.

Stanslaus


Kambarage
6 Desemba 1998

Mdogo wangu Stanslaus,

Marahaba. Sote hatujambo, na mama Scolastika anakuulizia kila mtu anapotoka mjini.

Kamati imemaliza. Nimepiga chapa sheria ndogo yote: leseni, umri, saa za kufungua na kufunga, watoze kwa saa na siyo kwa kikoini, na ukutani kuwe na saa inayoonekana. Hilo la saa ni lako, limepita bila jina lako. Ile intaneti wamekubaliana waisubiri ifike. Ni sheria nzuri, siikatai. Lakini nilipokuwa nazipanga karatasi nilizipitia tena moja moja, nikaona katika maoni yote yale hakuna mtu aliyeandika kumuuliza aliyekaa kwenye kiti amekimbia nini. Nami nilikuwa nazipiga chapa kila siku.

Herman alifika akiwa hana kitu. Alisimama mlangoni na mfuko wa plastiki, ndani yake shati moja. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwambia. Nikasema tu, "Maji ya kuoga yako tayari." Wiki mbili za kwanza alikuwa anakaa uani akiangalia ukuta, Sikujua anakaa pembeni yake, nao wanauangalia wote. Wiki ya tatu aliniambia habari za kiatu cha Bartholomeo. Alinisimulia mara moja, kisha kesho yake akanisimulia tena, kama vile hakuwahi. Nikasikiliza mara zote mbili. Sasa yuko kijijini kwa mama, anapanda pamba. Bega limeunga vibaya, anapanda kwa mkono mmoja, mama anamwambia mistari yake imepinda. Bado kuna siku ambazo hasemi.

Barua yako nilimsomea Jumapili. Nilipofika pale unaposema acha kwanza nipate kitu, akaniambia nisimame hapo. Akaniomba nisome tena pale. Nikasoma. Akasema, "Huyo yuko pale nilipokuwa mimi."

Kwa hiyo maneno yaliyobaki siyo yangu, ameniambia niyaandike kama alivyosema. Anasema: "Shemeji, kadi ulinikatia kwa kunipenda, na udongo uliufukua kwa mikono yako. Tumemalizana. Usingoje kupata kitu. Funga mlango, umpe Mihir ufunguo wake, uje hivyo hivyo. Mimi nilikuja hivyo, na nikafunguliwa."

Dada yako,
Juliana